Mama Mita Achagua Mtaa

Watu wengi wakienda kutazama nyumba ya kupanga hutazama juu: dari, madirisha, rangi ya ukuta. Mama Mita yeye hutazama chini. Msimlaumu. Mtu akilipwa miaka thelathini na moja kwa kuinamia visanduku vya maji na kuandika tarakimu za mita za wenzake, habari za dari humpita.

Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka ishirini na tisa, mjane mwenye mtoto wa miezi saba mgongoni, siku ofisi ya maji ilipotangaza kwamba inataka watu wenye miguu mizuri. Tangazo halikusema wanawake, lakini halikuwakataza, na miguu alikuwa nayo. Akapewa koti la buluu, buti, na kipande cha nondo kilichopindwa ncha cha kufunulia mifuniko ya visanduku. Kusoma mita mia mbili kwa siku, jua au mvua. Alifukuzwa na mbwa, akatukanwa na watu wazima waliomchukulia kana kwamba maji yale anayanywa yeye. Wenzake walipochoka walikaa kivulini wakakisia tarakimu. Yeye hakukisia hata siku moja, na jambo hilo alijivunia mbele ya kila mtu, hadi sisi tuliomjua tukawa tunamalizia sentensi kabla yake.

Miaka miwili kabla ya kustaafu, nyonga yake ya kushoto ikaanza kukwama. Anachuchumaa vizuri, lakini kuinuka ni kazi. Daktari akamwambia asiinue kitu kizito tena, na akamtajia kabisa: ndoo ya maji isahau. Mama Mita akamshukuru, akafunga mdomo. Hakumwambia bosi wake, hakumwambia kaka yake, na zaidi ya wote hakumwambia binti yake. Nyumbani bomba lilikuwa jikoni, linatoka maji kila siku, kwa hiyo hapakuwa na wa kugundua.

Kisha binti akapandishwa cheo. Alikuwa mtaalamu wa maabara, na sasa hospitali kubwa ya mji mwingine ilimtaka awe mkuu wa maabara yake. Mama Mita alitembea na habari hiyo mtaa mzima. Hata muuza mkaa, ambaye aliuliza tu kama wanahitaji gunia, aliondoka anajua maabara ina hadubini ngapi.

"Tunahama wote, Mama," binti akasema. "Siendi peke yangu."

Mdomoni alikubali mara moja. Moyoni alikuwa na shaka moja tu, na haikuwa ya mji mkubwa. Alihofia kuwa mama wa kuwekwa pembeni, anayemngoja mwanawe atoke kazini aje amwinulie ndoo. Kwa hiyo suala la wapi watapanga lilikuwa zito kwake kuliko binti alivyojua. Alitaka nyumba ambayo bomba lake linatoa maji lenyewe, apike, afue, aoge, bila mtu kumuuliza kwa nini habebi. Isipopatikana, angerudi kukaa kwa kaka yake na kusema mji umemchosha. Kisingizio alikuwa ameshakitunga, hata maneno amekwishayapanga.

Wakafika Ijumaa. Binti alitakiwa kuripoti Jumatatu.

Dalali waliyempata alikuwa bwana wa makamo mwenye viatu vyeupe na simu mbili, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko simu zote mbili. Akawapeleka moja kwa moja kwenye jengo jipya la ghorofa nne, vigae vinang'aa, mlango wa chuma, mlinzi getini. Nyumba iliyokuwa wazi ilikuwa ya juu kabisa. Binti akasimama kwenye roshani akautazama mji, na Mama Mita akaona jinsi uso wake ulivyofunguka.

"Hapa mtaishi kama wafalme," dalali akasema. Akaingia jikoni, akafungua bomba, maji yakafoka hadi yakamlowesha shati. "Maji saa ishirini na nne, mama. Hapa hakuna habari za ndoo."

"Usilifunge," Mama Mita akamwambia. "Liache hivyo hivyo, nakuja."

Akashuka ngazi zote, akishika ukuta pale ambapo hapakuwa na wa kumwona. Nyuma ya jengo akakikuta kisanduku cha mita, mfuniko umefungwa kwa utando wa buibui. Akaufunua, akafuta kioo kwa kidole gumba. Kile kigurudumu chekundu kinachozunguka maji yakipita kilikuwa kimelala fofofo, na huku juu bomba linafoka. Maana yake ilikuwa moja: maji yale hayakutoka mtaani, yalitoka kwenye tangi lililo juu ya paa. Akaenda kumsalimu mlinzi. Wakaulizana hali, wakaulizana habari za nyumbani, na kabla hawajamaliza alikuwa ameshajua yote. Lori la maji huja Jumanne na Ijumaa kujaza tangi. Likikawia, na hukawia sana, wapangaji hushuka na ndoo hadi kisimani barabara ya pili, kisha huzipandisha ghorofani.

Aliporudi juu akamweleza binti, huku dalali akiwa ghafla na shughuli nyingi kwenye simu zake.

"Basi yakikatika mimi nitabeba," binti akasema.

"Ukiwa maabara?"

"Nikirudi."

"Na mimi nikae nikungoje, kama mzigo kituoni."

Binti akakunja uso. "Mama, umestaafu. Kila tunakokwenda lazima ukague mita? Kesho jioni tuwe tumeamua. Usipopata kwingine, tunachukua hapa."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema kuhusu nyonga. Maneno yalifika hadi kwenye meno yakarudi. Mtu aliyesimama kwa miguu yake maisha yote hapendi kutangaza kwamba mmoja umegoma. "Nipe kesho," akasema tu.

Asubuhi ya Jumamosi binti akaenda hospitali kujaza fomu zake, na Mama Mita akatoka peke yake. Na hapa akafanya kosa ambalo ni msoma mita tu angeweza kulifanya. Alivaa lile koti la buluu. Alilivaa kwa sababu lina mifuko mizuri, mmoja wa miwani na mmoja wa daftari, na kwa sababu hakuwahi kuingia mtaa bila hilo. Akavaa na buti, nondo mkononi. Katika mji wake kila mtu angemwambia habari za asubuhi. Katika mji wa ugenini alikuwa mtu wa ofisi ya maji, aliyekuja siku isiyo ya kazi, bila taarifa, na hiyo watu wanaielewa kwa namna moja tu: amekuja kukata.

Mtaa wa kwanza ulikuwa karibu na hospitali, nyumba zimebanana, watu wachangamfu, muziki kila dirisha. Aliinamia mfuniko wa kwanza tu, mluzi ukapigwa. Kufumba na kufumbua mipira ya maji ikaanza kung'olewa ardhini kila upande. Mwanamke mmoja akakalia kitu uwani kwake na kutandaza khanga juu yake. Bwana mmoja akatoka bafuni mbio, povu la sabuni kichwani, taulo kiunoni.

"Shangazi," akasema kwa upole mkubwa, "tuzungumze kama ndugu."

"Mimi natafuta nyumba ya kupanga."

"Ndiyo, shangazi. Hata yule wa mwezi uliopita alisema hivyo hivyo."

Mama Mita alicheka hadi akashika ubavu. Aliwapenda watu wale. Lakini alijua hesabu ya mtaa kama huo: kila aliyeunganishiwa kihalali anagawana bomba na wanane walioungana wenyewe kimyakimya, na ikifika saa tatu asubuhi wa mwisho anabaki na upepo. Akamwambia yule bwana akaoshe povu kabla halijamkaukia, akaondoka. Mtaa mzima ulimsindikiza kwa macho hadi alipokata kona.

Mtaa wa pili ulikuwa na kila kitu. Kuta ndefu, maua, lami, mita mpya zinazozunguka bila kukohoa. Alisimama kwenye mageti sita akipiga hodi. Kwenye matano hakuna aliyejibu. Kwenye la sita sauti ikatoka ukutani kupitia kidude chenye matundu, ikamwambia aweke karatasi kwenye sanduku. Akasema hana karatasi, ana swali. Sauti ikamwambia aweke swali kwenye sanduku. Maji yalikuwepo, hilo halikuwa na ubishi, lakini binti angekuwa kazini tangu asubuhi hadi jioni. Huku ningekufa Jumatatu, akajiambia, na nigundulike siku ya kusoma mita.

Mchana jua likiwa kali na nyonga ikianza kunung'unika, akaingia mtaa wa tatu, njia moja nyembamba ya nyumba kumi na mbili za matofali, inateremka polepole kama mkono ulionyooshwa. Hakutarajia kitu. Akainamia kisanduku cha kwanza, na mkono wake ukasita. Mfuniko ulikuwa msafi, kingo zake zimelainika kwa kufunuliwa mara kwa mara. Kioo kimefutwa. Na upande wa ndani wa mfuniko, kwa chaki nyeupe, kulikuwa na safu ya tarakimu zilizopangika vizuri, kila moja na tarehe yake.

"Wewe," sauti ikasema nyuma yake. "Leo ni tarehe kumi na sita. Sisi husomwa tarehe tano. Kitambulisho kiko wapi?"

Alikuwa mama mrefu, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na hata kabla ya kuambiwa Mama Mita alijua kwamba huyu ni mwalimu. Kustaafu ualimu hakukumwondolea kitu. Nyuma yake walikuwa wameshatoka jirani wengine watatu, mmoja na mwiko mkononi.

"Hizi nani anaandika?" Mama Mita akauliza, kidole kwenye chaki.

"Tunaandika wenyewe. Kila tarehe tano kila nyumba husoma mita yake. Tulichoka na wale wanaokaa kivulini wakakisia. Msoma mita akija na tarakimu zake, tunamfunulia mfuniko, anaona aibu mwenyewe."

Mama Mita alitaka kumkumbatia. Miaka thelathini na moja alikuwa akidhani anajali peke yake. "Mimi si wa ofisi ya maji, dada," akasema. "Nilikuwa. Kusoma nimesoma, kukisia sijakisia. Sasa natafuta nyumba mimi na mwanangu."

"Na hilo koti?"

"Lina mifuko mizuri."

Mwalimu akaitazama mifuko yenyewe, akacheka, na yule wa mwiko akacheka. Nyumba ipo, mwalimu akasema, ni yake, ile ya mwisho kule chini. Vyumba viwili, jiko ndani, na hospitali ni mwendo wa dakika ishirini. Lakini hatamdanganya mtu. Imekaa tupu miezi mitano kwa sababu maji ya nyumba za chini ni hafifu, na ya hiyo ndiyo hafifu zaidi, na wapangaji wawili wameondoka. Ofisi ya maji imekuja mara mbili ikasema ni mwinuko wa mtaa.

Mama Mita akautazama mtaa kutoka juu hadi chini. "Nyumba yako iko bondeni," akasema. "Tangu lini maji yakashindwa kuteremka?"

Mama Mita akaomba mabomba yote yafungwe, nyumba zote kumi na mbili, na asiguse mtu maji hadi aseme. Wakatumana, wakaitana madirishani, hata aliyekuwa anafua akaacha nguo kwenye beseni. Akapita akifunua mita moja baada ya nyingine. Vigurudumu vyote vimetulia. Kwa hiyo ndani ya nyumba hakuna kinachovuja. Akarudi juu, akasimamisha nondo kwenye valvu ya nyumba ya kwanza, kile kifungio cha maji kando ya mita, na kuegesha sikio kwenye ncha ya juu asikie kama kuna maji yanayopita chini. Kimya. Ya tatu, kimya. Ya sita, mvumo mdogo. Ya nane, mvumo ukakua. Kati ya nyumba ya nane na ya tisa akachuchumaa kabisa, akachomeka nondo kwenye udongo kandokando ya njia, na humo ndani akasikia kitu kinachochacharika kama mafuta ya kukaangia.

"Hapa," akasema. "Bomba kubwa limepasuka hapa chini. Maji yenu yanaingia mchangani." Akaomba chaki, akachora alama kwenye jiwe. Mwalimu akatoa simu papo hapo, na wale wa ofisi ya maji walipoanza habari za mwinuko aliwakatiza, akawasomea mahali penyewe kwa hatua. Wakasema watakuja Jumanne.

Mabomba yakafunguliwa, watu wakarudi kwenye shughuli zao. Mama Mita akabaki amechuchumaa. Alijaribu kuinuka, nyonga ikakataa. Akajaribu tena, jasho likamtoka.

"Bado nasikiliza," akasema, ingawa hakuulizwa.

Mwalimu akainama karibu naye. "Dada," akasema kwa sauti ya chini, "unasikiliza nini sasa? Maji yote yamefunguliwa."

Hakuna kitu kilichomuuma siku ile kuliko swali hilo, wala nyonga yenyewe. Mwalimu na yule wa mwiko wakamshika makwapa, wakamwinua, wakamleta hadi kwenye kigoda kivulini. Hawakumpa pole nyingi. Wakampa maji ya kunywa, na hapo ndipo alipompigia binti simu.

Binti akaja na dalali, kwa sababu dalali alikuwa na ufunguo wa ghorofani tayari mkononi. Alimkuta mama yake amekaa katikati ya wanawake watano, amevua buti moja, anawaeleza jinsi ya kujua mita iliyochoka.

"Nyonga ya mama yako ilikwama," mwalimu akamwambia, kwa sababu walimu hawajui kuzunguka. "Na si ya leo hiyo."

Binti akamtazama mama yake. "Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Na zile ngazi za jana?"

"Nilishika ukuta."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeanza kunibebea kila kitu," Mama Mita akasema. "Sikutaka uhame na mgonjwa. Ndiyo maana nafuata maji. Nyumba ikiwa na maji, sihitaji mtu."

Binti akaketi chini kwenye vumbi, na sketi yake ya kazini, karibu na kigoda. Akasema, "Mimi ile ya ghorofani niliipenda kwa ajili yako. Maisha yangu yote nimekuona umeinama. Nilitaka ukiamka asubuhi uuone mji uko chini yako."

Mama Mita akamfuta binti vumbi begani mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Wakaenda kuiona nyumba ya mwisho. Vyumba vilikuwa vizuri, vina hewa, dirisha la jiko linatazama njia. Binti akafungua bomba. Maji yakatoka uzi mwembamba, yakakatika, yakatoka tena.

"Hebu mama na wewe," dalali akasema. "Jana nimekuonyesha bomba linalofoka, leo unamwonyesha mwanao linalolia. Nani kasema likitengenezwa litatoka?"

"Mimi," Mama Mita akasema.

"Umelisikia kwa sikio."

"Kwa sikio."

Jua lilikuwa limeanza kulala, na binti alipaswa kuamua. Akaliangalia lile bomba. Mama Mita hakumbembeleza. Alisimama wima kadiri nyonga ilivyomruhusu, akingoja kama siku aliyokwenda kuomba kazi.

"Katika kazi yangu ya maabara," binti akamwambia dalali, "wako wanaoniletea wanavyodhani, na wako wanaoniletea walivyopima. Mimi hutia sahihi kwa waliopima." Akamgeukia mwalimu. "Tunaichukua."

Jumanne mafundi wa ofisi ya maji wakafika na machepeo. Msimamizi wao alipoonyeshwa alama ya chaki akatabasamu kwa kona ya mdomo na kuuliza ni mganga gani aliyeichora. Wakachimba. Walipofika kina cha mkono hadi kiwiko udongo ukawa tope, na walipofika bomba, ufa ulikuwa shubiri moja kutoka kwenye alama. Msimamizi hakutabasamu tena. Aliupima umbali huo kwa mkono mara mbili, akawaita wenzake waje waone. Jioni, katika nyumba ya mwisho, bomba la jikoni likakohoa, likatema kutu, kisha likamwaga maji kwa nguvu hata sufuria ikayumba. Mama Mita aliyaangalia yakijaa, akayamwaga, akajaza tena, kwa raha tu.

Binti alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, kitambulisho cha hospitali kikining'inia kifuani. Msimamizi, akiwa na karatasi yake ya kazi iliyokamilika, akaona kitambulisho na akamfuata yeye mlangoni.

"Dada, wewe ndiye mwenye nyumba? Nahitaji sahihi."

"Mpe mama huyo aliye ndani," binti akasema. "Hapa ni kwake. Mimi nakaa kwake."

Mama Mita alilisikia neno hilo kutoka jikoni, maji yakipiga kelele mbele yake. Akalifunga bomba haraka ili alisikie vizuri mara ya pili, lakini binti alikuwa ameshaingia, anavua viatu, anauliza kumepikwa nini. Akajifuta mikono, akatoka kwenda kutia sahihi.